Nilimwambia mama atoke mlangoni, anaharibu picha

Admin, jina langu lisitiri, maana ndugu zangu wengi wanausoma ukurasa huu. Mimi ni mwanaume wa miaka sitini na mbili, msanifu majengo, naishi peke yangu Bariadi mjini. Mke wangu alishafariki, watoto wako Dar na simu zao ni za sikukuu. Nimewachorea watu nyumba nyingi humu mkoani, ila kwangu kuna vyumba vinne na kikombe kimoja cha kuosha.

Miaka ile soko la pamba lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi walikuwa wakitufuata hadi vijijini, na kila aliyevuna vizuri aliezeka bati. Misonge ikawa inabomolewa kila kiangazi. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni, kichwa kimejaa. Nikaazima kamera ya video Mwanza nitengeneze filamu ya nyumba za Kisukuma kabla hazijaisha: zinavyofungwa kamba, zinavyoezekwa, na kwa nini mlango ni mfupi hadi mgeni aingie ameinama. Nilianzia kwetu Sapiwi, kwenye msonge wa mama, kwa sababu ulikuwa ubomolewe wiki ileile. Ramani ya nyumba mpya ya bati nilikuwa nimeichora mwenyewe.

Siku hiyo mama alinisumbua kweli. Kila nikiwasha kamera, huyo mlangoni. Mara anafagia palipokwisha kufagiliwa, mara anasimama tu. Mara mbili nilirudisha mkanda nyuma nikarekodi upya juu yake. Mara ya tatu nikamfokea: "Mayu, toka hapo mlangoni, unaniharibia picha!"

Akajibu taratibu, "Haya ng'wanawane, si nyumba ndiyo unayoitaka."

Akaenda kukaa nyuma, karibu na zizi la ndama. Mimi nikaupata mlango wangu, hauna mtu. Mwaka uliofuata mama akafa kwa homa. Filamu sikuimaliza, mkanda ukakaa sandukuni.

Mama hakuwahi kupigwa picha hata moja. Mdogo wangu wa kike, ambaye siku ile alikuwa shuleni na sasa ameolewa Nyashimo, miaka yote anaamini mama yumo kwenye mkanda wangu. Sikuwahi kumkatalia. Mwezi uliopita alinipigia: "Kaka, kwenye ibada ya kumkumbuka mama nimeazima projekta ya kanisani. Wajukuu wote nimewaambia watamwona bibi yao. Hata mimi sura yake imeanza kunipotea." Nikasema sawa. Mdomo huu utakuja kuniua.

Nikapeleka mkanda kwa fundi Mwanza, akauweka kwenye flashi. Nimeutazama peke yangu sebuleni. Kuna paa, kuna kamba, kuna mlango. Mama hayumo. Ila pembeni mwa mlango unapita upindo wa kitenge, sekunde moja tu, halafu sauti yangu inafoka, halafu yake inajibu. Kile kitenge nakijua. Kilikuwa cha kanisani, na siku ile ilikuwa Jumanne. Mama alikuwa amevaa ili apigwe picha, akaona aibu kuniomba. Nimelia kama mtoto, na umri wote huu.

Nikisema mkanda umeoza, mdogo wangu atasikitika ila ataendelea kuniheshimu, na ile sauti ya mama hataisikia kamwe. Nikiuonyesha, ukoo mzima utamsikia mama, na utanisikia mimi nikimfukuza kwenye mlango wa nyumba yake. Fundi anasema anaweza kuifuta sauti yangu ibaki ya mama peke yake. Lakini sasa mama atakuwa anamjibu nani?

Ibada ni Jumamosi hii. Nishaurini, ndugu zangu, nifanye nini? Hata wenye kunitukana waandike tu, nitasoma zote. Huku kwangu ni kimya sana.