Nimpulizie Binti wa Jirani Maji, na Kinywa Changu Kimejaa Hasira?

Barua hii imetufikia kutoka upande wa Dodoma. Majina tumeyaondoa, kama mama mwenyewe alivyotuomba.

Hamjambo nyote mnaosoma, na ninyi mnaosomewa. Mimi ni mama wa watoto wanne walio hai. Umri wangu siujui kwa hesabu, ila Wajerumani walipojenga boma Mpwapwa nilikuwa msichana wa kutwanga mtama, basi mjipimie wenyewe. Naishi upande wa Nzuguni, mume wangu ni mfugaji. Kusoma nilifundishwa misheni kwa muda mfupi tu, kwa hiyo nikikosea mnivumilie.

Mimi ndiye ninayeitwa kwenye sherehe za huku. Mtoto akipewa jina, binti akiolewa, mtu akizikwa, nasema maneno na kupuliza maji. Kwa msiojua desturi yetu, anayebariki huweka funda la maji kinywani akampulizia mtu kifuani. Lakini kabla ya funda hilo lazima aseme mbele ya watu kama ana hasira na yeyote. Kama anayo anaitaja, wanaimaliza palepale, ndipo anapuliza. Akipuliza huku ameificha, sisi tunasema amempa mtu sumu.

Niwaambie kwa nini niliingia kazi hii. Binti yangu wa kwanza alipofariki, msemaji alikuwa mzee mmoja, nitamwita Mzee Ugoro. Alikuja amelewa, ugoro unamchirizika kutoka puani hadi mdomoni. Akamtaja mwanangu kwa jina la mtoto wa nyumba nyingine. Nikamwambia, "Baba, siye huyo." Akanijibu, "Wote wanakwenda kulekule," akapuliza maji yake yenye ugoro, mengine yakaniangukia shingoni. Mpaka leo naukumbuka ule utelezi na ile harufu. Nilijisugua kwa mchanga palepale kaburini, nikasema moyoni, mama mwingine asipitishwe hapa. Nikaanza kwenda mwenyewe kwa wafiwa. Nauliza jina la mtoto, nauliza alikuwa anachekaje, alipenda kulala kwa nani, ndipo nasema. Watu wakanizoea, yule mzee wakamwacha na kibuyu chake cha ugoro.

Sasa sikilizeni lililonipata. Kuna mnyapara wa vibarua wa reli, mtu wa kuja. Ndiye anayechagua nani akachimbe tuta na nani abaki shambani. Amemtaka binti wa jirani yangu, nitamwita Nyemo. Binti hamtaki. Siku ya kuposa yule bwana alimfungua mdomo kwa kidole akamtazama meno, kama mbuzi anayenunuliwa, na sisi tumekaa tunaangalia. Baba yake Nyemo akacheka kicheko cha woga. Mimi niliinuka nikatoka.

Siku chache baadaye mnyapara akaja kwangu.

"Mbukwa, mama," akasema, salamu yetu hiyo, anaitamka kwa kutuchezea. "Nasikia bila maji yako wazee wa huku hawaitambui ndoa. Sitaki mtu aje kesho kudai mke wangu."

"Ndiyo, baba. Lakini nina la kusema kabla ya maji."

"Hilo la kusema ndilo lililonileta. Utalimeza. Yule kijana wako mrefu, anajua kushika sururu?"

Mtoto wa dada yangu alikwenda huko tutani, akarudi anatema damu, hakumaliza mwezi. Akaniomba maziwa, nikampa. Akanywa, akafuta mdomo kwa kanga yangu iliyokuwa imeanikwa, akaenda zake. Kanga ile nimeichoma.

Mume wangu anasema, "Ni maji tu, mama watoto. Funda moja. Mtoto wetu abaki." Naye simlaumu, usiku hapati usingizi.

Nyemo alikuwa amesikia tishio lile, akanifuata kisimani. "Mama, ukinyamaza wewe, nani atanisemea? Lakini ukisema, nitakuwa nimemuua kaka, mwanao." Nikamkumbatia.

Nikaona bora nimtupie kazi Mzee Ugoro. Nikamkuta amekaa kwenye vumbi, nzi wamemjaa midomoni, hata hawafukuzi.

"Shikamoo, baba. Nakuomba ukaifanye wewe ndoa hii."

Akacheka mpaka akakohoa. "Leo nimekuwa baba tena? Binti yangu, mimi nilianza na kinywa kisafi kuliko chako. Akaja mkubwa mmoja wa misafara ya pembe za ndovu, anataka mke, akaniambia meza. Nikameza. Hasira ya pili haikuniuma. Ugoro ulikuja baadaye, ili nisisikie ladha."

"Basi wewe umeshazoea, nisaidie."

"Wazee hawanitaki tena. Si umewafundisha mwenyewe wasinitake?"

Nilimwangalia yale mate kidevuni, ila safari hii sikujua namchukia nani.

Ndugu zangu, harusi ni mwezi ukiandama. Mnyapara ananitia kinyaa, na baba yake Nyemo ananitia kinyaa kwa kicheko chake. Lakini kuna jambo sijamwambia hata mume wangu. Juzi nilibaki peke yangu nyumbani, nikaweka funda la maji kinywani. Nikamfikiria yule bwana na kidole chake, sikusema kitu, nikapuliza ukutani, nione tu kama nitaweza.

Niliweza. Maji yalitoka vizuri kabisa, kama siku zote.

Ninyi wenye watoto, na ninyi mnaosimamia sherehe huko kwenu, nitumieni neno kabla mwezi haujaonekana. Niitaje hasira yangu mbele ya watu, wamchukue mwanangu? Au nimpulizie mtoto wa mwenzangu nikiwa nimeimeza? Mimi peke yangu nimeshindwa.