Sauti ya Mama Ndani ya Simu

Juma hili, kwa fundi wa simu pale Kimanga, mwanamke mmoja aliweka mezani simu iliyolowa maji ya mafuriko. Alitaka sauti ya marehemu mama yake, aliyoirekodi humo.

"Mule ndani haiko sauti tena, mama," fundi alisema. "Iko alama za umeme tu: uko, hauko, uko, hauko. Zote zilikaaka hapa." Akagusa kipande cheusi, kidogo kuliko ukucha. "Kimeungua."

"Hauwezi kukifungua?"

"Miye najua kukibadilisha. Ndani yake sijafikaka hata siku moja."

Sisi wengine hata pale alipofika fundi hatujafika. Tunajua kubonyeza, na tulidhani inatosha.

Mwanamke aliomba kile kipande, akakifunga kwenye pindo la kitenge, akaiacha simu.