Wateja wa Yule wa Bungoma

Enzi CD zilipoanza kufukuza kanda za video, nilifanya kazi katika duka dogo la Matisi, Kitale. Tulinakili vipande vya vipindi vya zamani vya runinga. Wateja hawakujua majina ya vipindi. Walisema tu, "Ile ya mzee kujificha kwa ghala la mahindi." Mwenzangu, kijana wa Bungoma, alikulia kwenye nyumba yenye runinga, hivyo aliinuka kuchukua kanda kabla mteja hajamaliza. Mimi vipindi hivyo nilivitazamia dirishani kwa jirani, bila kusikia sauti. Wivu nilikuwa nao, bana, sifichi.

Siku moja akaenda kwao. Akaja mama mmoja, mteja wake wa siku zote, kutafuta "ile bibi anamwaga uji."

Nikamwambia, "Mama, wacha maneno. Hebu igiza."

Akaweka mkoba chini, akaigiza hadi kutikisa mabega, na papo hapo nikaijua. Tuliitazama pamoja, akacheka mpaka akajipangusa machozi kwa leso. Nikajiambia, huyu sasa ni mteja wangu.

Akitoka akasema, "Msalimie yule wa Bungoma. Mwambie amekufundisha kazi vizuri."

"Sawa, mama," nikajibu. Salamu hizo sijazifikisha mpaka leo.