Pumzi Iliyoitwa Kosa

Kila jioni, walipokwisha kuosha mapipa na kufunga duka lao la tofu, ile jibini laini ya soya, pale Kurayoshi, Tokuji na mkewe Sumie walikaa jikoni kufanya hansei. Ndilo neno analoambiwa kila mtoto wa Kijapani akivunja sahani: kajitazame. Unataja kosa lako la siku, la mwenzako unaliacha, kisha unasema kesho utafanyaje. Ukisema huna kosa, hilo ndilo kosa lenyewe.

Tokuji alirithi mazoea hayo kwa baba yake, pamoja na duka. Hakuwa mtu wa maneno. Kosa lake siku zote lilikuwa la tofu: leo imelegea, kesho nitaikandamiza zaidi. Mwenye kuleta kicheko alikuwa Sumie.

"Kosa langu la leo, Baba Kanae, ni kukubali kuolewa na wewe."

"Na kesho?"

"Kesho nitakubali tena. Nani mwingine atanichukua na uzee huu?"

Majira ya baridi yaliyopita makosa ya Sumie yalibadilika. "Leo nimechelewa kwa wateja wa kule mlimani. Pumzi ilinikata kwenye ngazi. Kesho nitatoka mapema." Jioni nyingine akasema ameshindwa kuifikisha ndoo ya soya jikoni bila kuitua njiani. Tokuji akamjibu kama alivyokuwa akijibiwa na baba yake: "Basi kesho jitahidi."

Sumie akajitahidi. Alianguka kwenye ngazi zile zile, moyo umesimama, tofu zimetapakaa kwenye theluji, nyeupe juu ya nyeupe.

Siku ya arobaini na tisa, ambayo kwa desturi yao ndiyo ya kuhitimisha msiba, wageni walipokwisha kuondoka, binti yao Kanae alikaa mbele ya baba yake.

"Baba, mama aliwahi kukwambia kwamba pumzi inamkata?"

"Aliniambia."

"Ukamjibu nini?"

Tokuji akatazama mikono yake.

"Kesho narudi Osaka," Kanae akasema. "Ukininyamazia na hili, Baba, hapa sitakuja tena."

Mzee akajivuta hadi kwenye madhabahu ya nyumbani, penye picha ya Sumie na bakuli la wali uliopoa. Akawasha udi, akagonga kengele ndogo.

"Mama Kanae. Kosa langu. Ulikuwa unaniambia unaumwa. Mimi nikasikia unataja kosa. Nikakwambia ujitahidi."

Nyuma yake Kanae alianza kulia.

"Kesho..." Tokuji akasema, maana hansei haiishii kwenye kosa. Akajaribu tena. "Kesho..." Miaka yote hiyo neno lile halikuwahi kukosa la kufuatia. Aliinama hivyo hivyo mpaka udi ukaisha kuwaka.

Asubuhi, saa ya treni ya Osaka ikiwa bado, Kanae alishuka kutoka ghorofani amevaa aproni ya mama yake. Akainyanyua ndoo ya soya, akafika nusu ya njia, akaitua huku anahema.

Lile "jitahidi" alilorithi kwa baba yake lilikuwa limeshamfika Tokuji kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza.

"Umechoka?"

"Kidogo tu, Baba."

Akaipokea ndoo, akamsogezea Kanae kigoda ambacho Sumie hakuwahi kukikalia wakati wa kazi. Kisha akageukia sufuria na kuuacha mvuke umfunike uso.