Mama Asiyepiga Makofi

Fundi saa wa barazani kwa Winifrida, pale Mtaa wa Msimbazi, alikuwa mkimbizi kutoka Uganda, na hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Ikitajwa serikali, iwe ya nchi yoyote, aliinama akapuliza vumbi kwenye saa isiyo na vumbi. Mtu alipobisha hodi kwa kishindo, alisimama tayari kukimbia. Dikteta wa kwao alipokimbia, mwaka sabini na tisa, Winifrida alimvuta hadi ukumbi wa mtaa, kwenye filamu iliyounganishwa kwa picha za zamani, ikionyesha jinsi mtu yule alivyoshika madaraka. Vifaru vilipita, umati ukashangilia, fundi akatazama magoti yake. Alipoinua macho, alisimama ghafla.

"Ndugu, rudisha hapo!" alimpigia kelele mwendesha mashine. "Rudisha, tafadhali!"

Watu waliguna, "Kaa chini, bwana!" lakini picha ikarudishwa. Nyuma ya washangiliaji alisimama mwanamke mwenye kikapu cha ndizi kichwani, uso kaukunja, hapigi kofi hata moja.

"Ni mama yangu," fundi alisema. "Askari wa mtu yule walimuua, wakachoma nyumba na picha zake zote. Sura yake, dada Winifrida, nilidhani imenitoka kabisa." Alishusha pumzi ndefu, kisha akacheka, machozi yakimtiririka. "Mtazame alivyonuna! Ndivyo alivyokuwa hasa!"

Winifrida alicheka naye, ukumbi ukafuata, na mwendesha mashine, bila kuombwa, akairudisha tena.