Gertrude na Mpira wa Kwenye Ungo

Gertrude Wakesho wa kijiji cha Ronge, kule mlimani, alifikisha miaka hamsini na miwili bila kujua mpira wa miguu una faida gani duniani. Kwake ulikuwa kelele za vijana waliokosa wa kuwatuma kuni. Redio yao ndogo ilikuwa na kazi mbili za maana, matangazo ya vifo na ibada ya Jumapili, na ikishamaliza hizo ilizimwa ili mawe yake, yaani betri, yasiishe. Basi ni mwanamke huyo huyo ambaye mwaka 1982 alilifuata Kombe la Challenge, lile la mataifa jirani, mpaka mkwaju wa mwisho, na wapo mashabiki wa miaka ishirini ambao hawajawahi kuufuata mpira kwa bidii ile.

Sababu ilikuwa mumewe, Danson Mwandawiro. Danson alifanya kazi miaka kumi na tisa kwenye korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge, katika shamba moja kubwa huko tambarare. Korona hunguruma kutwa nzima, na masikio ya binadamu si chuma. Alirudi nyumbani kiziwi. Bubu hakuwa, ulimi wake ulikuwa mzima kabisa. Lakini siku moja, dukani kwa Reuben, aliomba chumvi kwa sauti ya mtu anayemwita ng'ombe aliyepotea, maana hakujisikia mwenyewe, na watu wakaangua kicheko. Danson akaiacha chumvi kaunta, akapanda mlima kurudi nyumbani. Tangu siku hiyo hakushuka tena, iwe dukani, kanisani au matangani. Miaka minne hiyo. Aliongea na mkewe tu, tena kwa mikono.

"Mume wangu haumwi," Gertrude aliwaambia akina mama wenzake wa kanisani. "Lakini mtu akikosa watu, huanza kufa akiwa amesimama. Namwomba Mungu kitu kimoja tu, ashuke tena pale dukani."

Novemba ile Gertrude alitoka shambani na kikapu cha majani ya viazi, akamkuta Danson barazani na redio mapajani. Alikuwa ameifungulia mwenyewe. Kiganja chake kilikuwa juu ya spika, macho ameyafumba, anausikiliza mtetemeko kwa ngozi. Alikuwa amewaona vijana wakipita na redio begani, akajua Kenya inacheza. Ujanani Danson alikuwa winga wa timu ya shamba la mkonge, na watu walikuwa wakitembea kutoka Mwatate kuja kumtazama. Gertrude alisimama pale mlangoni moyo ukimuuma vibaya.

Alileta ungo, akamwaga maharagwe kumi na moja upande huu na mahindi kumi na moja upande ule, kisha akaokota kokoto moja. Danson alifumbua macho, akamtazama mkewe, akautazama ungo. Polepole akaanza kuzipanga punje kwa kidole: huyu kipa, hawa mabeki, huyu winga. Gertrude akaisogeza redio sikioni na kuanza kulisukuma kokoto. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema wahenga, na hapo mgeni wa mpira alikuwa yeye.

Na ugeni wake ulionekana mapema. Mtangazaji aliposema mchezaji mpya anaingia, Gertrude aliongeza harage moja. Baadaye akaingia mwingine, akaongeza la pili. Danson alihesabu, akahesabu tena, akamwonyesha vidole: kumi na tatu!

"Si wameletewa msaada?" Gertrude alisema, midomo ameipanua ili mumewe aisome. Nyinyi mkimcheka mnamwonea bure. Huko kwao majirani hulimiana kwa zamu, na jirani akichelewa kufika na jembe lake, hupewa mstari akalima. Nani aliwahi kufukuzwa shambani eti mwingine amefika? Danson aliyatoa maharagwe mawili, akayatupa uani, na hapo akacheka. Alicheka kwa sauti, hadi kuku wakatawanyika. Gertrude alikuwa hajaisikia sauti ile kwa miaka minne, ikabidi aingie jikoni kidogo akafute macho.

Kuanzia siku hiyo hakukosa mechi. Alijifunza kona, alijifunza kuotea, akajua winga anapokimbilia pembeni hakimbii kazi. Mtangazaji akizidisha maneno, alimkaripia. "Wewe baba, acha kusifu! Sema mpira uko wapi, mtu anangoja!" Hata mkutano wa akina mama aliuahirisha kwa kisingizio kwamba ana wageni. Wageni wenyewe walikuwa punje ishirini na mbili.

Ikaja fainali, Kenya na Uganda, kule Kampala. Mawe ya redio yalikuwa yamechoka. Alikuwa ameyaanika juani juu ya mabati tangu asubuhi, kwa kuwa mapya hayakupatikana kwa Reuben wiki ile. Mechi ikaisha bao moja kwa moja, ikawa ni penalti. Sauti ikaanza kufifia. Gertrude akaikandamiza redio sikioni mpaka ikamwacha alama shavuni, huku kwa mkono mwingine akilipeleka kokoto golini, mkwaju kwa mkwaju. Kenya walikuwa mbele. Kisha mtangazaji akasema kwa mbali kwamba huu ukiingia basi, kombe ni la Kenya, na redio ikakata.

Danson alikuwa amepiga magoti mbele ya ungo. Akainua macho kumtazama.

Angeweza kumdanganya. Kusukuma kokoto ni kazi ya kidole kimoja, na mzee angelala na furaha. Lakini katika siku zote hizo hakuwa amemsogezea kokoto hata mara moja bila kulisikia kwanza. Alifungua viganja vyake vitupu.

"Sijui, Baba Mkamburi. Mawe yamekufa."

Alidhani uso wa mumewe utajifunga tena. Badala yake Danson alisimama, akavuta kofia yake msumarini, akashika njia ya kuteremka kwa Reuben. Alikwenda karibu mbio, hata hakugeuka. Gertrude akamfuata na ndala, aproni kiunoni, anaomba njia nzima asichekwe.

Dukani wanaume walikuwa wamefurika, wengine wanacheza. Danson alisimama katikati yao.

"TUMESHINDA?"

Wote waligeuka, na hakuna aliyecheka. Reuben alitoka nyuma ya kaunta, akainua mikono yote miwili juu, kisha akamkumbatia. Watu wakamvamia kwa shangwe. Baadaye wakaanza kubishana goli letu lilianzia wapi, na Danson, aliyekuwa akiisoma midomo yao, akachuchumaa akawachorea mchangani, pasi baada ya pasi, mpaka wenye masikio wakakubali kwamba ndivyo ilivyokuwa. Mmoja akamgusa bega, akamwuliza kwa ishara amejuaje yote hayo.

Danson akamtafuta mkewe kwa macho, akamwona kando ya barabara anahema.

"NILITANGAZIWA NA MKE WANGU," akasema, na Ronge nzima ikasikia.