AC ya Mama Akinyi

Leo nimetengeneza AC ikapoza vizuri, na bado haikutosha.

Mzee mmoja hapa Homa Bay aliniita nyumbani kwake. Mkewe, Mama Akinyi, ametoka hospitali majuzi na joto linamnyima usingizi.

Nilimkuta mzee kando ya kitanda, anampepea mkewe kwa kipande cha katoni.

Nikafunga geji ya kupima gesi kwenye AC. Gesi ilikuwa chini, paipu inavuja kwenye nati. Nikakaza, nikaongeza gesi polepole mpaka ikafika kiwango chake.

Baridi ikaanza kuingia.

"Mzee, sasa pumzisha mkono," nikamwambia.

Akaweka katoni chini.

Mama Akinyi akasema, macho bado ameyafumba, "Baba Akinyi, nani amekuambia uache?"

Mzee akaiokota, akaendelea kumpepea.

Mimi nikakusanya vifaa vyangu.

Nyinyi mlio kwenye ndoa, mapenzi kama haya huwa mnayapata wapi?